Unga wa Ukwaju Ndani ya Kaniki

Neno kinga nimelipiga marufuku nyumbani kwangu. Anayetaka kulisema akalisemee barabarani. Mtoto akipelekwa kliniki kuchomwa sindano, waseme kachanjwa. Mvua ikija na mtu akaweka ndoo chini ya bati, aseme anateka maji, asiseme anakinga. Wajukuu wananicheka, mke wangu ananiita dikteta, nami nimewaacha wacheke. Hawakusimama pale niliposimama.

Mimi si mtu wa shule. Niliacha darasa la pili kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wake, na kati ya hao watoto mimi ndiye niliyekuwa na mbio. Kusoma nilijifunzia kwenye magunia ya mbolea na kwenye magazeti ya kufungia nyama. Haya nayaandika kama ninavyoyasema. Asiyependa afunge kitabu. Nina mashine ya kusaga hapa Samuye, nina ng'ombe, nina nyumba ya bati ambayo hakuna ndugu aliyenisaidia kuinua hata tofali. Nasema hivyo si kwa kujisifu tu, ingawa najisifu pia. Nataka mjue anayezungumza si mganga. Baba yangu hakuwa mganga, babu yangu hakuwa mganga. Ninachokijua kuhusu mbegu za ukwaju nilikijua kwa njaa na kwa maumivu. Hakuna mzimu aliyekuja kuniotesha.

Njaa ndiyo ilitangulia. Mwaka mbaya ulipoingia huku kwetu, mama alikusanya ukwaju, ambao sisi Wasukuma tunauita bushishi. Ile nyama yake ya nje iliyo chachu ilikwenda kuuzwa mjini Shinyanga, na mbegu zikabaki kuwa chakula chetu. Alizikaanga kwenye kigae mpaka zikaanza kulia, akazitwanga polepole ganda jekundu litoke, akapepeta, akaloweka mpaka zikalainika, akaanika, ndipo akasaga kwenye jiwe. Ganda hilo usipolitoa utafunga choo ujute kuzaliwa. Unga wenyewe ukiutia maji ya moto unavutika kama mlenda. Ladha yake haimpendezi mtu yeyote, lakini ukishuka unatulia. Mama alisema unakandika tumbo, kama unavyokandika ukuta wa nyumba kwa udongo mvua zikikaribia. Zikikaribia, nasema. Hakuna mwenye akili anayekandika ukuta huku mvua inapiga. Na nyumba ikishaanguka, udongo wako utaubandika wapi?

Maumivu yalinikuta Maganzo. Nilikuwa kijana, natafuta almasi pamoja na wenzangu wenye vichwa vigumu kama changu. Tulikula jioni tu. Mchana tulikunywa gongo ili tusisikie njaa, na mgongo ulipouma tulimeza vidonge vya maumivu juu ya gongo hiyo. Tumbo likaanza kuwaka kama mtu kanichochea kuni ndani. Nikaenda hospitali Shinyanga, wakanipima, wakasema una vidonda na una wadudu wanaovilea. Nikapewa dozi. Ilinifanya kila chakula kiwe na ladha ya msumari. Niliimaliza yote, nikapona. Hospitali ndiyo iliyoniponya, na mtu atakayekuambia mimi niliponywa na ukwaju, mwambie namsubiri hapa mashineni.

Nilipokwisha kupona ndipo nikaukumbuka unga wa mama. Nikaanza kunywa kikombe kila asubuhi kabla sijatia kitu kinywani. Gongo nikaiacha. Chakula nikawa nakula kwa wakati. Miaka imepita na tumbo halijanisumbua. Ni unga, ni gongo niliyoiacha, au ni ugali wa saa sita? Mimi sina mizani ya kupimia hilo. Nimewahi kusikia redioni kwamba wataalamu hujaribu mambo haya kwa panya: wanampa kwanza maji ya mbegu, halafu ndipo wanamtia dawa ya kumchoma tumbo, wamwone kama kidonda kitatokea. Nikafurahi kusikia kwamba hata wao wanaanza na mbegu. Lakini panya yule anawekwa kwenye kizimba, haendi kilabuni. Hilo mtangazaji hakulisema, nami nalisema.

Sasa niwaambie kuhusu mkwe.

Binti yangu wa mwisho ameolewa na mchimbaji wa dhahabu. Wamepanga chumba Buseresere, kwenye barabara ya kwenda Biharamulo, na huyo kijana anashinda machimboni nje ya mji. Shimo la kuchimbia huko wanaliita duara, na ukishaingia kwenye duara mambo ya kula kwa wakati umeyaacha juu. Ni kijana mzuri. Ana heshima kupita kiasi, na heshima hiyo ndiyo nusura imzike.

Kwetu baba mkwe na mume wa binti yake wanaoneana haya. Akija hapa anachuchumaa mbali, ananiamkia huku anatazama mchanga. Tunazungumza mvua, tunazungumza bei ya pamba, basi. Hatuli pamoja, hata kumwona anakunywa maji ni vibaya. Habari za mwili wake simuulizi, wala za kwangu hathubutu kuzitaja. Na habari za chooni ndizo kabisa. Mtu akizitaja mbele ya mkwewe, wazee wa zamani walimwona kama aliyevua nguo sokoni. Niliyakuta hayo na nikayashika. Sikuona kosa lake mpaka mwaka alipougua.

Wakati wa kuvuna karanga binti alikuja kutusaidia. Akamwambia mama yake kwamba mumewe alipimwa, ana vidonda vya tumbo, amepewa dozi na anaila kwa shida. Mama yake akaniambia mimi. Ndivyo habari za mkwe zinavyosafiri, kwa kupokezana. Nikazima mashine, nikasafisha mawe yake, nikasaga mbegu safi za ukwaju nilizokuwa nimeziandaa kwa ajili yangu mwenyewe. Nikamwita binti, nikamwambia maneno haya, na nayarudia kama yalivyotoka: "Mwambie amalize kwanza dozi ya hospitali. Akishamaliza na akapona, ndipo awe anakoroga huu kila asubuhi. Hii ni kinga, si tiba."

Sentensi yangu ilikuwa nzima. Ilivunjikia njiani. Mimi silaumiwi kwa hilo.

Kilichofika Buseresere ni kipande kimoja tu: baba amekupa kinga. Na nyinyi mnaokaa huku mnajua mchimbaji akisikia neno hilo anasikia nini. Huko machimboni kinga ni dawa ya mganga. Ni kitu unachochanjiwa au unachofunga mwilini ili udongo usikufukie, jirani asikuroge, na kisu kisikuingie. Kinga ya namna hiyo hainywewi asubuhi na kikombe, unaivaa mara moja, kisha unaenda kuchokoza hatari uone kama itakuweza.

Juu ya hayo, mke wangu alikuwa ameufunga ule unga kwa kipande cha kaniki. Kaniki nyeusi! Kitambaa ambacho kila mganga wa Usukuma anafungia vitu vyake. Baadaye nilipomfokea alinijibu bila hata kuinua uso kwenye sufuria: "Mfuko wa nailoni ulikuwa umetoboka. Ulitaka niufunge kwa kitambaa cha kwaya?"

Hayo yote sikuyajua. Nilikaa hapa nikiamini kijana anakunywa dawa zake. Mpaka siku moja mchana pikipiki ikasimama mbele ya mashine, wakashuka wanaume wawili, mmoja mrefu mwenye maneno, mwingine mnene asiye na neno hata moja. Kwenye usukani walikuwa wamening'iniza kuku mweusi, kichwa chini. Wakavua viatu mlangoni. Nikashangaa, nani anavua viatu kuingia kwenye mashine ya kusaga?

Nikawaonyesha benchi. Wakakataa, wakakaa sakafuni kwenye pumba.

"Shikamoo, mzee," akasema yule mrefu.

"Marahaba. Mahindi yenu yako wapi?"

"Hatuna mahindi, mzee. Tumefuata ile kitu ya mkweo. Ile ya kaniki."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba unga wangu umesifiwa mpaka Geita. Nikawauliza wanaumwa tumbo tangu lini.

"Hatuumwi tumbo, mzee. Tunataka tusiumwe na chochote."

Nikamwambia asiniletee mafumbo. Ndipo akanieleza, kwa furaha, kama mtu anayemsimulia mzazi sifa za mwanawe. Tangu mkwe wangu avae ile kitu, alisema, ngazi ilikatika kwenye duara lao na yeye hakupata hata mchubuko. Anakunywa gongo mchana bila kula, anameza vidonge vya maumivu kama anatafuna karanga, na hapati neno. Vidonge vya hospitali amevitupa, kwa sababu kinga ya mkwe haichanganywi na dawa za kizungu, inapoa.

"Avae?" nikauliza. "Anavaa unga?"

"Kiunoni, mzee. Kwani inavaliwa wapi?"

Yule mnene akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, akasema kwamba hata hivyo siku hizi jamaa amepoa kidogo. Akipanda ngazi anapumzika katikati. Midomo imekuwa myeupe. Mrefu akamkatiza kwa kiwiko: "Hiyo ni dawa inamzoea."

Hasira iliyonipanda siku ile sina maneno yake. Nilimfungua yule kuku kwenye usukani, nikamrusha uani, nikawaambia wachukue viatu vyao. Mrefu akauliza kama kuku amekataliwa kwa sababu ya rangi. Nikamfuata na ufagio wa pumba mpaka barabarani.

Midomo myeupe niliijua. Huko Maganzo tulikuwa na mwenzetu aliyepauka midomo hivyo hivyo, tukamtania kwamba amepaka unga. Alikuwa akitoka damu kwa ndani, polepole, haonekani jeraha popote. Tulimzika tukiwa bado tunabishana nani kamroga.

Nikampigia binti. Alisema mumewe analala machimboni, akimuuliza hali anajibu kwamba ameshapona kwa dawa ya baba. Nikamwambia mke wangu anifungie michembe, vile viazi vitamu vikavu, ya njiani. Akaniuliza nakwenda kumwambia nini mkwe, na kwa mdomo gani. Nikasema mdomo ninao mmoja.

Nilifika Buseresere kesho yake nimechoka na vumbi la Kahama na la kila mahali lililobaki shingoni. Binti akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye karasha, ile mashine yao ya kuvunjia mawe, na pale ndipo nilipomwona mkwe wangu amekaa juu ya kiroba cha mawe. Alikuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Aliponiona akashuka haraka achuchumae, akapepesuka, akashika nguzo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Wachimbaji wakaanza kusogea. Karasha ikazimwa. Nikasikia mtu akisema mzee wa kinga kaja mwenyewe, leo tutaona mambo. Yule mrefu alikuwepo pia. Akanipa shikamoo ya mbali, akitazama kama nimebeba ufagio.

Nilijaribu kufuata desturi. Mtu asije akasema sikujaribu. Nilisimama upande huu wa lundo la mawe, mkwe upande ule, nikamwita mrefu awe mjumbe kati yetu. Nikamnong'oneza: kamuulize choo chake kina rangi gani. Akaenda. Nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Baba mkwe anauliza kama unaendelea vizuri kwa ujumla." Akarudi, akaniambia anaendelea vizuri kwa ujumla.

Nikamrudisha. Nikamwambia aseme neno lenyewe. Akaenda, akakuna kichwa, akasema, "Mzee anauliza mambo ya huko nyuma." Mkwe wangu akaanza kunijibu habari za mwaka jana walipohama kutoka duara la zamani. Watu wakacheka. Binti yangu akajifunika uso kwa khanga. Na mimi hapo ndipo ilipokatika ile kamba iliyonifunga maisha yangu yote. Nikazunguka lundo la mawe, nikasimama mbele ya mume wa binti yangu, nikauliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe:

"Ukienda chooni unatoa rangi gani?"

Hakuna aliyecheka. Kijana alitazama chini, jasho likamtoka, jasho la baridi, sijui ni la ugonjwa au la aibu.

"Baba, hilo siwezi kulijibu mbele yako."

"Basi nijibu nyuma yangu." Nikamgeuzia mgongo. Nikawa nawatazama wachimbaji wale wote, nao wananitazama. "Haya. Mbele yako hakuna mtu. Sema."

Nikamsikia akisogeza miguu kwenye mawe.

"Nyeusi," akasema. "Kama lami. Tangu juma lililopita. Na jana nimetapika, ilikuwa kama majani ya chai."

Nikamwambia mrefu alete pikipiki. Akaanza kusema labda ni uchafu unatoka, dawa inasafisha. Sikumbuki vizuri nilimwambia nini, na ninachokikumbuka hakiandikiki. Pikipiki ililetwa. Mkwe tukamweka katikati, binti akamshika nyuma, mimi nikafuata kwa nyingine. Ile kaniki nilikuwa nimeikata mwenyewe kiunoni mwake kwa kisu cha mtu, nikampa binti. Mkono wangu ukagusa tumbo la mkwe wangu. Sikutaka kulifikiria.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu sana, mkali, na ukali wake niliupenda. Alimtia maji, akaagiza damu, akauliza anatumia nini. Mkwe akanyamaza kwa sababu mimi nipo. Nikatoka nje ya pazia kwa hasira, nikamsikia sasa akimweleza yote: gongo, vidonge vya mgongo, dozi aliyoitupa. Daktari alipotoka alikuwa na kile kifurushi mkononi, amekitoa kwa binti.

"Mzee, hii ni nini?"

"Unga wa mbegu za ukwaju."

"Unatibu?"

"Hautibu. Mwenye tumbo zima anaunywa asiumwe."

Akanitazama kidogo, akasema basi hapo tunaelewana, lakini kidonda chake ni kibichi na kinatoa damu, kwa hiyo asipewe unga huo wala dawa ya mti wowote mpaka dozi iishe na yeye amwone tena. Sikupenda kuambiwa na mtoto lini niutoe unga wangu. Lakini alikuwa anasema maneno yale yale niliyomtuma nayo binti yangu, ya kwamba dozi itangulie, na mtu akisema maneno yangu siwezi kumpinga.

Alihitaji watu wa kutoa damu. Mimi walinikataa kwa umri. Nikasema nina nguvu kuliko hawa wote, wakanikalisha. Aliyetoa ni yule mrefu. Alitoka amekunja mkono na anajipepea kama bibi harusi. Nikamshika bega. Sikumwambia asante, lakini nilimshika bega.

Baadaye wakampeleka hospitali kubwa, wakamshusha mpira wenye kamera tumboni, wakaziba palipokuwa panavuja. Akaishi. Alipotoka wakamwonya asiguse gongo wala vile vidonge vya maumivu, asiinue kitu kizito, na ale dozi mpaka mwisho. Nikasema atakuja kukaa kwangu Samuye, ambako nitamwona. Lilikuwa jambo gumu kwake. Mwanamume kukaa ukweni, kulishwa na mama mkwe, huko machimboni wanaliona ni sawa na kuvaa gauni. Alikubali kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa.

Basi hapo ningepumzika. Lakini habari ilishatembea. Kila pikipiki iliyotoka upande wa Geita ilileta maneno yale yale: kwamba mkwe wangu alitapika damu na hakufa. Mtu mwingine angekufa. Kwa nini hakufa? Kwa sababu alikuwa na kinga. Damu aliyotiwa hawakuitaja. Mpira wa kamera hawakuutaja. Daktari aliyekesha hawakumtaja. Wakasema hata hospitali waliogopa mpaka mzee alipoikata kaniki mwenyewe.

Na mkwe wangu alikuwa pale uani, anasikia, ananyamaza. Maana ili awakanushe ilimpasa ataje lile jambo, na mimi nipo. Tuliishi hivyo, yeye nyuma ya nyumba, mimi mashineni, tunakwepana kama fahari wawili kwenye zizi moja. Chakula chake kilipelekwa nyuma. Dawa zake alizimeza nyuma. Kama alizimeza. Binti aliniapia kwamba anazimeza, lakini nilishajifunza maneno yanavyofika yakiwa vipande.

Siku wale wawili waliporudi, mrefu na mnene, walikuwa wamemjia yeye. Kulikuwa na rashi mpya. Mtu amepata mawe mazuri mahali fulani, kila mmoja anakimbilia huko. Wakamwita kutoka nyuma ya nyumba, akaja na shati lake safi. Alikuwa ameanza kunenepa. Mrefu akamsifu mwili, akamuuliza kama ameshakuwa mwali wa mama mkwe. Akasema wenzake wanamngoja, nafasi yake kwenye duara ipo, na dawa gani hizo zisizoisha wakati mtu mwenyewe ana kinga nzito kuliko wote.

Nikawaambia, mimi, kwamba mtu huyu alibaki hai kwa damu. Nikamwonyesha mrefu kidole: damu yako wewe.

"Ni kweli, babu, nilitoa mimi," akasema. "Ila jiulize nani aliniita siku ile niwe pale. Ni ile kitu iliniita."

Kwa mtu kama huyo utafanya nini? Nilitafuta ufagio kwa macho. Ndipo mkwe wangu akaongea, hakunitazama mimi, aliwatazama wao.

"Nilikuwa nakunya damu," akasema. "Nimevaa kile kifurushi, na nakunya damu. Nikaona aibu kusema."

Uani kwangu. Mbele ya mama mkwe wake aliyekuwa anapepeta mchele. Ungo wa mke wangu ukasimama. Mnene akaangalia viatu vyake. Mrefu peke yake ndiye aliyetabasamu, akanigeukia kwa heshima kabisa, akasema anaelewa, dawa kubwa lazima mwenyewe aikane mbele za watu, na kwamba nimemfundisha vizuri. Kisha akapanda pikipiki, akaiwasha, akapiga tandiko la nyuma kwa kiganja kumwita kijana apande.

Mkwe wangu alisimama pale kati ya pikipiki na mlango wa mashine. Nilimwona anavyolitazama lile tandiko. Dhahabu si kitu cha kuchezea, mimi mwenyewe niliwahi kutazama barabara ya Maganzo namna hiyo. Nilikuwa nimeshasema yote, na maneno yangu yote yalikuwa yamefika kwa watu hawa yamegeuka kuwa kitu kingine.

Akakaa chini. Pale pale, katikati ya ua, machoni pangu, akamwita mke wake amletee uji na zile dawa. Binti akanitazama mimi kwanza. Sikumzuia. Akazileta. Kijana akaweka vidonge ulimini mmoja mmoja, akivionyesha kama mtoto anayekaguliwa, akateremshia uji, bakuli zima mpaka akalamba kingo. Yule mrefu akazima pikipiki, akatazama mpaka mwisho.

Nilikasirika. Mkwe anakula mbele yangu miguu kaikunjua kama yuko kwao, na hakuna aliyemfundisha adabu. Nikabaki nimesimama na hasira zangu, kwenye jua, mpaka alipomaliza.